Umbizo Si Urembo

Kuna fundisho limeenea miongoni mwa watengeneza programu za kompyuta za mezani, na limeenea kwa sababu ni tamu: thamani inayotoka kwenye hifadhidata kuja kwenye kisanduku cha maandishi isiguswe kwa msimbo. Fungua dirisha la sifa, tafuta FormatString, andika N2 au d au C, funga, endelea na kazi nyingine. Anayeandika msimbo ili kuweka mkato kwenye maelfu anaonekana mshamba wa fani, mtu asiyejua kwamba zana zilishamfanyia kazi hiyo zamani. Vijana wanafundishwa hivyo vyuoni, wanakosolewa hivyo kazini msimbo wao unapopitiwa, na baada ya miaka michache wao ndio wanaowakosoa wengine.

Fundisho hilo limepotoka, na halijapotoka kwenye jambo la ladha tu. Limesimama juu ya dhana kwamba umbizo ni urembo: thamani ni ile ile, tunaivalisha nguo nzuri tu ili ipendeze machoni. Kwenye kisanduku ambacho mtu anaandika ndani yake, umbizo ni nusu ya makubaliano. Nusu ya pili ni kuyachukua maandishi ya mtu huyo na kuyarudisha yawe thamani aliyoikusudia. Nusu hiyo haina mahali pa kujazwa kwenye dirisha lolote la sifa. Inaandikwa kwa msimbo, au haipo.

Wanaotetea sifa wana hoja za kweli, na sitazipita kwa kejeli. Msimbo ambao haujaandikwa hauna hitilafu. Sifa inaonekana wazi kwenye dirisha la usanifu, na mtu atakayerithi kazi yako ataiona bila kutafuta. Fomu arobaini zenye N2 zinafanana; fomu arobaini zenye msimbo uliobandikwa na watu watano tofauti hazifanani. Tena, pale ambapo thamani inasomwa tu, wana haki kabisa. Jumla iliyo chini ya ankara, salio la mteja, ripoti ya mwezi, safu za jedwali zisizohaririwa: huko data inakwenda upande mmoja, na FormatString inatosha. Weka, kanywe chai. Ugomvi wangu nao unaanza pale mtu anapoingiza kishale ndani ya kisanduku na kuanza kuandika.

Kisanduku kilichofungamanishwa na data kina safari mbili. Katika Windows Forms, safari ya kwanza ina tukio linaloitwa Format: thamani inatoka kwenye chanzo, inakuja kwenye kisanduku. Safari ya pili ina tukio linaloitwa Parse: maandishi yanatoka kwenye kisanduku, yanarudi kwenye chanzo. Parse ikimalizika, Format hutokea tena, ili mtu aone alichoandika kikiwa kimeshapangwa. Sifa ya FormatString inahudumia safari ya kwanza peke yake. Safari ya kurudi inaachiwa kisomaji cha jumla, ambacho hakijui wewe uliweka umbizo gani. Kinatazama aina ya data inayotakiwa, kinatazama mpangilio wa lugha na nchi wa kompyuta ile, kisha kinajaribu. Ni sawa na mkalimani wa mahakamani anayemfasiria mshtakiwa kila neno la hakimu, lakini mshtakiwa akijibu anakaa kimya, na hakimu anaandika alichodhani amesikia.

Tuchukue kisanduku kimoja tukitazame kwa karibu. Tarehe 1 Aprili 2020 Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha 16. Mwenye duka mwenye programu ya mauzo alilazimika kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio mara mbili ndani ya miezi tisa, kubadili namba moja. Sasa tuseme aliyeitengeneza programu ile alifuata fundisho. Kwenye hifadhidata kiwango kimeandikwa 0.16, kama inavyofaa kwa hesabu. Kwenye kisanduku ameweka umbizo la P0, na kisanduku kinaonyesha 16%. Safi, hakuna mstari hata mmoja wa msimbo.

Mwenye duka anafuta, anaandika 14%, anabonyeza Tab. Kishale hakitoki. Kisomaji cha jumla cha namba katika .NET hakijui alama ya asilimia. Mitindo yake ya kusoma namba inakubali alama ya fedha, inakubali mabano ya hasi, inakubali nafasi mwanzoni na mwishoni, lakini alama ya asilimia haimo. Kwa hiyo maandishi yanakataliwa, na kwa kuwa uthibitishaji umeshindwa, mtu anafungiwa humo ndani. Mara nyingi hata dirisha lenyewe linakataa kufungwa. Programu inamkatalia maandishi ya mtindo ule ule iliomwonyesha yenyewe sekunde kumi zilizopita.

Anawaza kidogo. Labda tatizo ni ile alama. Anaifuta, anaandika 14 tupu. Sasa inakubali, bila lawama. Na hifadhidata inapokea 14, yaani asilimia 1,400. Bidhaa ya shilingi 1,000 inadaiwa kodi ya shilingi 14,000. Kisanduku kitamwonyesha 1,400% akitazama, ila namna ya kurekebisha atalazimika kuiotea: ajue kwamba ili kupata 14% aandike 0.14, jambo ambalo hakuna kitu kwenye skrini kinachomwambia. Huyu ni mfanyabiashara anayeijua kodi yake vizuri kuliko aliyemwandikia programu. Kilichomwangusha ni umbizo la upande mmoja.

Jambo hilo hilo liko kwenye fedha. Andika umbizo la TSh #,##0 na kisanduku kitaonyesha TSh 15,000 kwa uzuri wote. Mtu akibadili 15 iwe 18, akaacha TSh mahali pake kama ilivyokuwa, kisomaji kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Marekani kitatafuta alama ya dola, kitakuta herufi zisizojulikana, na kitakataa. Na kama ulifungamanisha kwa msimbo bila kuwasha FormattingEnabled, FormatString haifanyi kazi, na mtu akiandika TSh mwenyewe hata huko kukataliwa hutakuona: thamani ya zamani inarudi kimyakimya, na mhasibu anaendelea na mstari unaofuata akiamini amesharekebisha bei.

Hiyo ni mifano ya kukataliwa, na kukataliwa ni afadhali. Ubaya wenyewe uko kwenye yale yanayokubaliwa. Kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kiingereza cha Marekani, mpe kisomaji maandishi 12,5 na kitakurudishia 125. Hakitalalamika. Mkato kwake ni kitenganishi cha maelfu, na .NET haikagui kama umekaa baada ya tarakimu tatu. Inauondoa tu na kuendelea. Bandari ya Dar es Salaam inapitisha mizigo mingi ya Kongo, na karani aliyesomea Lubumbashi kwa Kifaransa anaandika kilo kumi na mbili na nusu kama 12,5, kwa sababu ndivyo inavyoandikwa. Mweke mbele ya kompyuta ya Dar na mzigo wake umeongezeka mara kumi. Mweke karani wa Dar mbele ya kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, aandike 1,500 akimaanisha elfu moja na mia tano, na programu itahifadhi moja na nusu. Umbizo la N2 limewekwa pande zote mbili, na pande zote mbili linaonekana sahihi kwenye dirisha la sifa.

Tarehe nazo zina mtego wenye hila zaidi. Kompyuta nyingi huku kwetu zinafika zikiwa na mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza, na hakuna anayeugusa. Mtu anaandika 03/04/2025 akimaanisha tarehe tatu Aprili. Kisomaji kinaelewa tarehe nne Machi, kinahifadhi, kinaendelea. Akiandika 13/04/2025 kinakataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Maana yake ni kwamba siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi zinasomwa mwezi kwanza bila kelele, na malalamiko yanaanza tarehe 13. Mtengeneza programu akija kujaribu tarehe 20, ataona kosa la kukataliwa, ataliita kosa la mtumiaji, na hatajua kamwe kwamba rekodi za wiki mbili zilizopita zimeshaharibika. Wanaotumia WPF wasidhani wamenusurika: huko umbizo la StringFormat halifuati hata mpangilio wa kompyuta, linafuata sifa ya Language, ambayo kwa kawaida yake ni Kiingereza cha Marekani, mpaka mtu aibadili.

Wapo watakaosema natia chumvi, kwamba umbizo haliwezi kuharibu data kwa kiwango hicho. Wanasayansi wa jeni wangewajibu. Excel ina tabia ya kuchukua maandishi yanayofanana na tarehe na kuyafanya tarehe, na jeni zilizoitwa SEPT2 na MARCH1 ziligeuka kuwa siku za Septemba na Machi ndani ya majedwali ya utafiti. Mwaka 2016 uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Genome Biology ulionyesha kwamba karibu moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni katika Excel zilikuwa na makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadili majina yenyewe: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Ilichukua hadi 2023 kwa Microsoft kuweka kwenye Excel namna ya kuzima ugeuzaji huo. Sayansi ililazimika kujipa majina mapya kwa sababu programu ilisoma maandishi kwa kubahatisha. Baada ya hapo mtu anawezaje kusema umbizo ni urembo?

Na ajabu ni kwamba waliotengeneza zana hizi hawakuliamini fundisho hili hata siku moja. Visual Basic 6 ya mwaka 1998 ilikuwa na kitu kinachoitwa StdDataFormat, chenye matukio mawili yanayokwenda pamoja: Format na UnFormat. Windows Forms ilipokuja na .NET ya kwanza mwaka 2002, ilikuja na Format na Parse. WPF ilipotoka mwaka 2006, ilileta IValueConverter yenye Convert na ConvertBack. Vizazi vitatu vya zana, na kila kizazi kimezaliwa na mapacha, wa kwenda na wa kurudi. FormatString ya Windows Forms iliongezwa mwaka 2005 kama njia ya mkato kwa mambo mepesi. Sisi tukaichukua njia ya mkato tukaifanya barabara kuu, na ile barabara kuu tukaiita uchafu.

Mpaka hapa mtetezi wa sifa anaweza kujitetea kwamba haya ni mapungufu ya kisomaji, na siku moja yatatengenezwa. Basi nimpe kisanduku ambacho hakuna sifa itakayokiweza hata kisomaji kikiwa malaika. Zahanati inapanga miadi. Kwenye hifadhidata muda umehifadhiwa 08:30. Umbizo la HH:mm litaandika 08:30, na mgonjwa atakayesoma karatasi yake kwa Kiswahili ataelewa saa nane na nusu, atafika mchana, na daktari atakuwa ameshaondoka. Muda huo kwetu ni 2:30 asubuhi. Hakuna herufi ya umbizo, katika orodha yoyote ya .NET, inayohamisha saa sita. Herufi zile zinajua kupanga tarakimu tu. Mpangilio wa Kiswahili uliomo ndani ya mfumo unajua majina ya miezi na siku, lakini saa zinabaki za Kizungu.

Kwa msimbo, kazi hiyo ni ya mistari michache. Kwenda, unaondoa saa sita kwenye mzunguko wa saa kumi na mbili na kuongeza neno: 08:30 inakuwa 2:30 asubuhi, 14:30 inakuwa 8:30 mchana, 20:30 inakuwa 2:30 usiku. Kurudi ndiko kunakotaka akili. Mtu akiandika 2:30 bila neno, msimbo unapaswa kukataa na kumuuliza, kwa maana kuna asubuhi na kuna usiku. Akiandika saa 1 jioni au saa 1 usiku, zote mbili zinapaswa kufika 19:00, kwa sababu watu wanasema zote mbili. Akiandika saa 11, inabidi kujua kama ni alfajiri au jioni. Hayo ni maamuzi. Yanafanywa na mtu anayewajua watakaoitumia programu, na dirisha la sifa halina kisanduku cha kuandikia maamuzi.

Turudi kwenye ile asilimia, tuone gharama yenyewe ya msimbo ambao watu wanauogopa:

static readonly CultureInfo Mpangilio = new CultureInfo("en-KE", false);

void Kwenda(object mtumaji, ConvertEventArgs e)
{
    if (e.Value is decimal kiwango)
        e.Value = (kiwango * 100m).ToString("0.##", Mpangilio) + "%";
}

void Kurudi(object mtumaji, ConvertEventArgs e)
{
    string andiko = e.Value.ToString().Replace("%", "").Trim();
    e.Value = decimal.Parse(andiko, NumberStyles.AllowDecimalPoint, Mpangilio) / 100m;
}

Ndiyo hayo. Ukiyaunganisha Kwenda na tukio la Format, na Kurudi na tukio la Parse, mwenye duka anaandika 14% au 14 apendavyo, na hifadhidata inapokea 0.14. Tazama maamuzi matatu yaliyomo humo. Mpangilio umetajwa kwa jina, kwa hiyo mtu akigusa mipangilio ya Windows hakuna kinachotikisika. Mtindo wa kusoma unaruhusu nukta ya desimali tu. Mkato wa maelfu haumo, kwa hiyo 12,5 inakataliwa badala ya kugeuzwa 125. Na thamani isiyo namba haiguswi wakati wa kwenda, kwa hiyo safu tupu inabaki tupu. Kukataliwa nako kuna adabu yake: ukiwasha FormattingEnabled, kosa linafika kwenye tukio la BindingComplete, na hapo unaweka alama nyekundu pembeni ya kisanduku na sentensi moja ya Kiswahili inayomwambia mtu aandike nini. Hakuna kumfungia mtu ndani bila kumweleza kosa lake.

Sasa hoja yao kubwa: msimbo unasambaa. Fomu arobaini, kila moja na Format yake na Parse yake, kila moja imenakiliwa kutoka kwa jirani na kubadilishwa kidogo. Nakubali kwamba hali hiyo ipo na inaudhi. Lakini inayolaumiwa hapo ni tabia ya kunakili, na dawa ya kunakili inajulikana tangu zamani: andika mara moja, ita mara nyingi. Darasa moja linaloshughulikia fedha, jingine asilimia, jingine saa, jingine namba za simu. Kila fomu inaita mstari mmoja unaosema kisanduku hiki ni cha fedha. Ukifanya hivyo, una sehemu moja ya kubadili siku kanuni zikibadilika. Ukitegemea sifa, una fomu arobaini zenye N2 zilizoandikwa kwa mkono, na siku mteja akiuza kwa shilingi ya Uganda au faranga ya Rwanda, ambazo hazina senti katika orodha ya kimataifa ya sarafu, utafungua fomu arobaini moja baada ya nyingine. Nani sasa ametawanya kazi?

Kuna faida nyingine ambayo sifa haitaipata kamwe: msimbo unaweza kujaribiwa bila kufungua dirisha. Umbizo lililo kwenye dirisha la sifa linajaribiwa siku mtu anapolibofya, na mara nyingi mtu huyo ni mteja. Ubadilishaji ulioandikwa kama njia mbili unajaribiwa usiku kucha na mashine, kwa kanuni moja rahisi: chukua thamani, ipeleke kwenda, irudishe, na lazima iwe ile ile. Kanuni hiyo inanasa hata kosa la ukadiriaji. Bei ya 1,499.60 ikiwekewa N0 inaonekana 1,500. Karani akigusa tarakimu moja kwa bahati mbaya kisha akairudisha kama ilivyokuwa, kisanduku kinajiona kimebadilishwa, na hifadhidata inapokea 1,500. Senti arobaini zimeongezeka na hakuna aliyeandika chochote kipya. Nani angeigundua hiyo kwa kutazama dirisha la sifa?

Wengine husema: weka mpangilio mmoja wa lugha kwa programu nzima, mambo yaishe. Ushauri mzuri, na mimi hufanya hivyo. Ila namna ya kuuweka ni kuandika msimbo pale programu inapoanza, kwa hiyo mtoa hoja ameshahamia upande wangu. Halafu mpangilio huo hautaifundisha .NET alama ya asilimia wala saa za Kiswahili. Tena data za mpangilio wenyewe zina wenyewe: mwaka 2020, .NET 5 iliacha kutegemea kanuni za Windows na kuhamia maktaba ya ICU, na umbizo lile lile likaanza kutoa maandishi tofauti kwa baadhi ya lugha. Ulichokiachia mfumo ukuamulie, mfumo una haki ya kukigeuza.

Wapo wanaotaka umbizo lifanywe ndani ya hifadhidata, kwa FORMAT ya SQL Server iliyoingia mwaka 2012. Hao wanageuza namba kuwa maandishi kabla haijatoka nyumbani. Matokeo yake hayajumlishiki, na ukiyapanga utaona 1,000,000 imetangulia 900, kwa sababu sasa ni herufi. Kurudi ndiyo kabisa hakupo. Wanaotumia MaskedTextBox wana haki kwenye vitu vyenye urefu usiobadilika, kama namba ya simu ya tarakimu kumi. Ukiwapa fedha, barakoa inawashinda. Na wale wanaopenda msimbo lakini wanauweka kwenye tukio la TextChanged, wakibadili maandishi mtu akiwa bado anaandika, hao ndio wanaotuchafulia jina: kishale kinarukaruka, tukio linajiita lenyewe, na mtumiaji anapigana na kisanduku. Msimbo una mahali pake, na mahali pake ni kwenye yale matukio mawili ya ufungamanisho.

Upande wa WPF nako kuna dhambi ya wanaojiita wafuasi wa msimbo. Wanaandika Convert kwa bidii, kisha kwenye ConvertBack wanaacha mstari uliowekwa na Visual Studio, ule wa NotImplementedException, wakiamini hakuna atakayepita. Siku kisanduku kile kikifunguliwa kuhaririwa, mtu anaandika herufi, anabonyeza Tab, na programu nzima inaanguka, kwa sababu injini ya ufungamanisho haizuii makosa yanayotupwa na kigeuzi chako. Mtu wa namna hiyo ameandika msimbo, na bado analifuata lile lile fundisho la urembo. Idadi ya mistari haimwokoi.

La mwisho wanaloniambia ni kwamba programu za mezani zimekufa, kwa hiyo tunagombania maiti. Nendeni kwenye kaunta ya duka la dawa, duka la vifaa vya ujenzi au ofisi ya SACCOS mkatazame kinachoendesha skrini ile. Microsoft yenyewe ilifungua msimbo wa Windows Forms na WPF mwaka 2018 na kuziingiza kwenye .NET Core 3.0 mwaka 2019. Maiti haifanyiwi ukarabati. Na hata ukihamia kwenye kivinjari, safari ni zile zile mbili: thamani inakuwa maandishi, maandishi yanarudi kuwa thamani, na katikati yupo mtu anayeandika kwa desturi ya kwao.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopitia msimbo wa wenzao ni jepesi kulipima. Mkikuta mtu ameandika Format na Parse, msimuulize kwa nini hakutumia sifa. Mkikuta kisanduku kinachohaririwa chenye FormatString peke yake, hapo ndipo muulize: haya maandishi yanarudije? Kisha msiridhike na jibu la mdomo. Badilini mpangilio wa Windows uwe wa Kifaransa, fungueni fomu, andikeni asilimia na alama yake, tarehe ya tano ya mwezi, bei yenye senti, kisha mkasome kilichofika kwenye hifadhidata. Ikiwa thamani moja imetoka tofauti na ilivyokusudiwa, fomu hiyo haijakamilika, na aliyeiandika bila mstari hata mmoja wa msimbo hana cha kujivunia.